Bomba la Bi Ianthe

Mjomba wangu Osbert ndiye aliyefunga magata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, kwenye karibu nusu ya nyumba za kijiji chetu cha Paget Farm, na mimi nimemshikia ngazi tangu nilipoacha shule kidato cha tatu. Sitaki kuanza kwa kumsema vibaya. Ni fundi. Mpe bati lililopinda na vipande vitatu vya bomba la plastiki, mvua ikinyesha kesho hutapoteza hata tone. Na kisiwani kwetu Bequia tone si mchezo. Hatuna mto, hatuna chemchemi. Maji tunayokunywa yanatoka juu ya paa, yanapita kwenye gata, yanashuka kwenye bomba hadi tangi lililo chini ya nyumba. Nimewahi kumsikia bibi mmoja akiletewa habari za mchumba wa mjukuu wake, swali lake la kwanza likawa, tangi la kwao lina kina gani.

Mjomba ana namna yake ya kufanya kazi. Viungo vyote vya bomba anavitia gundi isipokuwa kipande cha mwisho, kile kinachoingia tangini. Hicho anakisukumiza kwa mkono tu, kikavu, ili ukitaka ukichomoe. Kila mtu hapa anajua sababu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi unachomoa kipande kile, unaacha paa lijioshe mavi ya ndege na vumbi la miezi, halafu ukiona maji yametakata unakirudisha. Ila mwezi wa nne, tangi likiwa limebaki robo, mtu anaona uchungu kuchomoa. Wingu la kupita tu linaweza kukuachia ndoo ishirini, na ukikuta bomba lako liko nje umelala na kiu kwa kujitakia.

Basi hapo ndipo mjomba alipokuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake, maana ni mfupi na bega moja limeshuka. Watu walikuwa wanamuuliza. Osbert, tuchomoe au tuache? Anatazama juu, anakuna shingo, anasema acheni, au chomoeni. Mara nyingi alipatia. Miaka ishirini na kitu ya kupatia inamharibu mtu, hilo nimelijua mwaka ule wa mlima.

Mlima wenyewe, wa volkano, hauko kwetu. Uko kaskazini ya St. Vincent, kisiwa kikubwa, na kati yetu kuna bahari na milima mingine. Alhamisi serikali ikawatoa watu wote wa kule juu. Ijumaa asubuhi ukapasuka. Sisi tulipanda kilimani kuona moshi, wengine na vikombe vya chai mkononi kama wanaangalia mechi. Boti zikaanza kuleta watu. Bi Ianthe, ambaye nyumba yake iko mbele ya yetu tu, akampokea binamu yake kutoka Sandy Bay, chini ya mlima ule, jina lake Clytie, mama wa makamo, pamoja na binti yake na mtoto mchanga wa binti huyo, wa miezi mitano. Bi Ianthe ni mjane, anaishi peke yake, anasuka mikeka ya kuuza, na tangi lake siku hiyo lilikuwa na maji yanayofika gotini. Hakuhesabu. Aliwatandikia, akachoma shelisheli, akaweka beseni la maji ya moto kwa ajili ya mtoto.

Mchana ule tulikuwa grosari kwa Dolphus, redio imewekwa dirishani. Redio inasema watu wa visiwa vyote wafunike matangi na wachomoe mabomba ya paa. Mjomba akacheka mpaka akaweka glasi chini.

"Hiyo redio iko Kingstown, haina hata gata moja," akasema. "Mwaka sabini na tisa nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ijumaa Kuu mlima ulipasuka. Tulikaa pale juu tukaangalia moshi wote unaenda Barbados. Wa Barbados wakafagia mwezi mzima. Sisi hapa hata punje ya majivu."

Dolphus akasema, "Sasa kama wa Barbados wamefagia, na wako mbali kuliko sisi?"

"Upepo, Dolphus. Upepo wa juu unakwenda kule. We uza rum."

Clytie alikuwa amekuja kununua maziwa ya unga. Alikuwa bado na viatu alivyokimbia navyo, kimoja cha bluu, kingine cheusi. Akasema taratibu, "Kaka, mi nilikuwepo chini yake sabini na tisa. Upepo ulibadilika kila siku."

Mjomba akamwangalia miguu kwanza. "Dada, nyie watu wa mlimani mmeukimbia mlima au mmeubeba kwenye mabegi? Maana tangu mfike tunatishwa tu."

Grosari nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Clytie alichukua maziwa yake, akalipa, akatoka. Nakumbuka alivyojaribu kuficha kiatu kimoja nyuma ya kingine wakati anasubiri chenji.

Jioni hiyo kabla jua halijazama nilipita uani kwa Bi Ianthe kuchukua koleo letu. Clytie alikuwa anafua nepi kwenye maji kidogo sana, maji yamekuwa mazito kwa sabuni. Akaniita.

"We ndiye unayeshika mabomba?"

"Nasaidia tu."

"Sikiliza, mwanangu. Yale majivu yakikauka ni vumbi. Yakipata mvua ni saruji. Mwaka ule wa sabini na tisa ng'ombe wetu alikataa maji siku tatu, ng'ombe mzima. Nyie hamna mto wa kukimbilia. Mwambie mjomba wako achomoe."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilienda nyumbani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachomoa mwenyewe kipande cha mwisho cha bomba letu, nikaziba tundu la tangi kwa gunia, nikalaza kile kipande kwenye majani. Mama aliniuliza nafanya nini huko, nikasema natafuta spana. Sijui kama mtu anaweza kuelewa. Nilimwamini yule mama kuliko nilivyomwamini mjomba, lakini sikutaka kuonekana nimemwamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshafukuzwa kazi mbili, nilikuwa natafuta nafasi kwenye meli za watalii na mjomba ndiye aliyekuwa anamjua mtu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Siku hizi naona hata sababu haikuwepo. Niliona aibu tu, aibu ya kusimama upande wa mama mwenye viatu viwili tofauti.

Jumamosi saa nane mchana jua likawa kama taa iliyofunikwa shuka. Halafu majivu yakaanza. Si mengi kama kule mlimani, lakini yalikuwa yanashuka bila sauti, laini kama unga, juu ya mabati, juu ya mbuzi, juu ya nguo zilizoanikwa. Ukipitisha kidole kwenye meza unaandika jina lako.

Tulikuwa kwa mjomba tumefunga madirisha. Mlango ukagongwa. Bi Ianthe, kajifunika kitambaa puani na mwavuli mkononi, mwavuli umeshakuwa wa kijivu.

"Osbert, nichomoe?"

Mjomba alikuna shingo. Nilimwona. Ijumaa alikuwa ameshacheka mbele ya watu, Jumamosi akashindwa kukimeza kicheko chake.

"Usichomoe," akasema.

"Majivu yamejaa juu ya bati."

"Yako juu ya bati, hayako tangini. Mvua haipo mpaka katikati ya wiki. Ukichomoa unaacha tundu wazi, upepo utayasukuma humo humo. Jumatatu nakuja mwenyewe na fagio, nafagia paa lako kwanza."

"Clytie anasema nichomoe niweke kitambaa."

"Clytie ndiye aliyefunga hilo bomba?"

Bi Ianthe akaniangalia mimi. Labda aliniangalia tu kwa sababu nilikuwa nimekaa pale. Mimi nikainama nikaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Akasema haya Osbert, we ndiye fundi, akarudi kwake kwenye giza lile la saa tisa mchana.

Mvua ilikuja Jumapili alfajiri. Dakika kumi na tano, haikuzidi. Wakati mwingine wowote mwezi wa nne tungetoka nje kushukuru. Nililala nikiisikia inapiga bati, nikafikiria kipande chetu cha bomba kilicholala kwenye majani, nikajifunika shuka kichwani.

Kulipokucha mjomba alipita kwetu kwanza, kama anavyofanya kila Jumapili kumsalimia dada yake, mama yangu. Alizunguka nyuma. Nilimfuata. Akakuta bomba linadondosha uji wa kijivu ardhini, tangi limezibwa na gunia, kipande cha mwisho kimelala pembeni na majivu juu yake. Yaani kilikuwa pale kabla majivu hayajaanguka. Fundi hahitaji kuambiwa.

"Ulichomoa lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa." Akakigeuza kile kipande kwa ncha ya kiatu. "Na jana ulikuwa umekaa pale kwangu."

"Ndiyo, mjomba."

Akafuta kiatu kwenye majani. Tulisikia sauti ya ndoo kutoka kwa Bi Ianthe, ile ndoo ya bati inayogonga ukingo wa tangi.

Tulipofika uani kwake alikuwa ametoa ndoo moja na kuiweka juu ya ngazi. Maji yalikuwa rangi ya saruji uliyoikoroga vibaya, yananuka kiberiti. Bi Ianthe hakulia wala hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwani akaifunika ile ndoo, kama vile watu wasiione. Ndani mtoto alikuwa analia, binti wa Clytie anamtembeza. Majirani wakaanza kukusanyika maana siku hiyo ibada haikuwepo kwa sababu ya majivu. Nesi wa zahanati naye akaja, alikuwa anazunguka nyumba zenye wageni.

Nesi akachungulia tangini, akamgeukia Bi Ianthe. "Mama, redio imesema siku mbili chomoeni mabomba. Una mtoto mchanga humu ndani. Kwa nini hukuchomoa?"

Bi Ianthe akamtazama mjomba. Hakumnyooshea kidole, alimtazama tu, anampa nafasi.

Mjomba akakohoa. "Nilimwambia achomoe," akasema. "Amesahau. Wageni wengi, kichwa kimechanganyikiwa, si kosa lake."

Hilo neno, si kosa lake, ndilo ninalolikumbuka mpaka leo.

Clytie alikuwa mlangoni. "Kaka, unasema nini?"

"Nasema nilichosema, dada. Kijana alikuwepo." Akanigeukia. "Si ulikuwepo?"

Watu kama kumi na tano wananiangalia. Mjomba alikuwa na siri ya bomba langu, mimi nilikuwa na siri ya neno lake la Jumamosi. Tulikuwa tumeshikana koo na hakuna aliyeona mikono. Nikasema, "Ndiyo. Alimwambia achomoe."

Bi Ianthe akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu. Halafu akaingia ndani.

Mambo yakaenda haraka. Nesi akasema familia yenye mtoto mchanga haiwezi kubaki nyumba isiyo na maji, wahamie shuleni na wengine, huko kuna matangi ya maji yaliyoletwa. Mchana ule ule lori likaja. Clytie akapanda na begi moja, binti yake na mtoto wakakaa mbele. Bi Ianthe alisimama barabarani ameshika mkeka aliotaka wachukue, dereva akasema nafasi hakuna.

Na kijijini neno likatembea. Ianthe amewanywesha watu majivu. Ianthe ameambiwa na fundi mwenyewe kasahau. Wengine walisema ni uzee. Ana miaka sitini na moja. Mwanamke mmoja pale pwani, meli iliyotuletea maji iliposhusha mipira ya kumiminia, alimwambia mbele ya foleni, "Bi Ianthe, leo usisahau ndoo." Wakacheka. Niliijua ile aina ya kicheko.

Mjomba alijitolea kusafisha lile tangi bure. Watu walimsifu kwa hilo, ona roho ya Osbert. Siku tatu tulishuka humo, maji yote ya miezi tukayamwaga nje kwa ndoo, tukakwangua sakafu kwa mwiko wa fundi kwa sababu tope lilikuwa limeshika. Humo ndani mnafanya mwangwi. Siku ya pili Bi Ianthe alikuja akasimama juu ya tundu, tukaona miguu yake tu.

"Osbert."

"Naam."

"Mume wangu alipokufa baharini nilikumbuka kulipa karo ya watoto wiki ile ile. Sijasahau kitu maishani mwangu."

Mjomba aliendelea kukwangua. Miguu ikakaa kidogo, ikaondoka. Ndipo akaacha mwiko, akakaa kwenye tope na suruali yake, akafuta uso kwa mkono mchafu ukawa wa kijivu wote. Nilifikiri atasema kitu, na mimi nimfuate. Akaushika mwiko tena. Nilikuwa nataka sana aseme yeye kwanza.

Alhamisi, wiki moja tangu watu watolewe mlimani, alikuja grosari akiwa hajanywa. Dolphus akamwekea glasi, hakuigusa. Watu walikuwa wanalalamika kuhusu ndizi na magimbi kupanda bei, maana vyote vilikuwa vinatoka kwenye mashamba ya kule juu, na sasa kule juu kumekufa. Mjomba akasubiri mpaka wakanyamaza.

"Ianthe hakusahau," akasema. "Alikuja kwangu Jumamosi akaniuliza. Mimi nilimwambia asichomoe."

Dolphus akatabasamu. "Osbert, we mtu mzuri. Hata baada ya kumsafishia tangi bado unataka kumbebea lawama."

"Sibebi kitu. Nilidanganya."

"Haya, haya. Kunywa."

"Nawaambia nilidanganya."

Hawakumwamini. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba mtu anaweza kusema ukweli na watu wakamwona muungwana badala ya mwongo. Mmoja akasema, "Kwani kijana wako si alisikia? Mbele ya nesi alisema." Wote wakanigeukia, na mjomba naye akanigeukia, na safari hii hakuwa ananiomba nimwokoe. Alikuwa ananiomba nimzamishe.

Nilitamani meli ya watalii ije inichukue pale pale.

"Nilidanganya na mimi," nikasema. "Bi Ianthe aliuliza, mjomba akamkatalia. Mimi nilikuwepo. Na letu nyumbani nilichomoa Ijumaa, kabla."

"Kabla ya majivu?" Dolphus akauliza.

"Clytie aliniambia."

Hakuna aliyecheka. Dolphus aliichukua ile glasi ya mjomba, akarudishia rum yake kwenye chupa, akafunga kizibo. Mtu mmoja, nyumba yake iko juu ya kilima, akasema polepole, "Mimi pia uliniambia niache, Osbert. Nimeficha kwa aibu. Niliona kama mjinga ni mimi." Mwingine akasema na mimi. Walikuwa wanne. Wanne wote walikuwa wamekaa na matangi machafu wakijilaumu wenyewe.

Mama alipopata habari, hakunigombeza. Alichota ndoo mbili kwenye tangi letu, maji meupe kabisa, akaniambia peleka shuleni kwa Clytie, kwa miguu, usiombe lifti. Nilifika mikono imekufa. Clytie alipokea, akamimina kwenye dumu, akanirudishia ndoo.

"Umemwambia Ianthe?"

"Watu wameshamwambia."

"Sijakuuliza watu."

Kwa hiyo nikaenda kwa Bi Ianthe. Alikuwa anasuka, hakusimama. Nikasema yote, hata ile ya kufunga kamba za viatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Bi Ianthe."

"Clytie ndiye ndugu pekee aliyekuja kwangu kwa miaka tisa. Alikaa siku mbili." Akavuta ukindu mwingine. "Funga geti ukitoka, mbuzi wanaingia."

Clytie hakurudi kwa Bi Ianthe. Kutoka shuleni alipelekwa kwa jamaa wengine Kingstown, na baadaye wakarudi Sandy Bay kuichimbua nyumba yao kwenye majivu. Wanapigiana simu, nasikia.

Mjomba bado anapanda mapaa, ila haulizwi kitu, na akiulizwa anasema sikilizeni redio. Nafasi ya meli sikuiomba tena. Mwezi wa nane gata la Bi Ianthe liling'oka kwa upepo. Hakutuita. Akamleta fundi kutoka upande wa bandarini, kijana tu, na mjomba akasimama barabarani na mimi tukimwangalia anavyofunga. Tuliona wote wawili. Mteremko alikuwa anauelekeza vibaya, maji yangesimama katikati na kumwagika ukutani.

"Mwambie," nikasema.

"Atanisikiliza kwa lipi?" Akahamisha ngazi begani. "Nenda wewe."

Nikaenda mpaka kwenye geti. Bi Ianthe akaja, mikono nyuma.

"Gata limelala upande usio wake," nikamwambia. "Lishushwe vidole viwili kule kwenye bomba."

"Nani kakutuma?"

Ingekuwa rahisi kusema mimi mwenyewe.

"Mjomba," nikasema. "Yuko pale barabarani."

Hakugeuka kumtazama. Alikaa akiliangalia gata muda mrefu, kisha akamwita yule fundi ashuke, akamwambia apime upya.